Gari Lililopimwa Baba Mkwe Akiwa Ndani

Tairi ya mbele ya kulia ilikuwa imeliwa upande mmoja tu. Upande wa ndani ulikuwa bado mpya kabisa, na vile vinyweleo vya kiwandani vimesimama kama ndevu za kijana wa kidato cha pili. Upande wa nje ulikuwa laini, umeungua, unang'aa kama upara wa mwalimu wangu wa hesabu. Nilikuwa nimechuchumaa uani kwetu Kibaha nikiipapasa, na mke wangu amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni, akisubiri hukumu.

"Haya fundi, sema."

"Hii tairi," nikasema, "ikifika kwenye kona haikanyagi chini vizuri. Inatembelea ukingo, kama mtu mwenye kiatu kinachombana."

"Mimi nilijua! Nilihisi pale pale Kona ya Kichuguu. Nimekata kushoto, gari likaendelea na mambo yake."

Nieleze mapema, maana watu wengi hukosea hapa: dereva wa kasi nyumbani kwetu si mimi. Mimi nikifika spidi ya sitini husikia marehemu wote wa ukoo wakinikaribisha. Dereva ni mke wangu. Siku za kazi ni mtumishi wa ofisi mjini Dar, anaondoka Kibaha majogoo wakiwa bado wanapiga miayo, mpole, mkanda amefunga, anawapisha hata mbuzi. Lakini Jumamosi moja kila mwezi hubadilika kuwa kimbunga. Kule Kisarawe kuna uwanja ambao mkandarasi mmoja aliuwekea lami kwa ajili ya malori yake; kazi ikaisha, malori yakaondoka, lami ikabaki inazunguka porini kama mkanda uliosahaulika. Wapenda magari huukodi. Gari moja moja huingia, linazunguka, linapimwa kwa saa, linatoka. Hakuna kugongana, hakuna kufukuzana. Adui ni saa na kona.

Na kona yenyewe ni hiyo moja. Inakwenda kushoto, inajikunja zaidi pale unapodhani imeisha, na upande wa nje, hatua chache tu kutoka kwenye lami, pamesimama kichuguu kirefu kunishinda mimi nikiwa nimevaa viatu vya sikukuu. Mwezi uliopita mke wangu alikata usukani, gari likakataa, likateleza kwa pua moja kwa moja mpaka majanini, likakipiga busu kichuguu. Yeye hakuumia hata ukucha. Bampa ndiyo ilibaki kule. Nasikia mchwa walishafungua tawi humo.

Habari zilimfikia baba yake kabla injini haijapoa. Baba mkwe wangu anaishi Kisarawe hiyo hiyo, dereva mstaafu wa serikali, mtu aliyeendesha wakubwa kwenye barabara za vumbi kipindi chote cha ujana wake bila mmoja wao kumwagikiwa chai. Gari hilo lilikuwa lake. Alipostaafu alimpa bintiye, lakini ufunguo wa akiba akabaki nao, unaning'inia kwenye msumari sebuleni kwake kama picha ya ndugu. Jumamosi ya mbio ilipokaribia, alipiga simu. Mke wangu akaweka sauti ya nje ili nami nipate sehemu yangu ya adhabu.

"Nimepata mtu wa kulinunua," akasema, bila hata kuuliza hali. "Jumamosi nakuja uwanjani kuangalia kwa macho yangu. Ukitoka nje ya lami tena, gari naondoka nalo siku hiyo hiyo."

"Sasa baba, kazini nitakwenda na nini?"

"Treni ipo Soga. Treni haina kona."

"Na nisipotoka nje ya lami?"

Tulisikia kuku wa Kisarawe wakilia upande wa pili wa simu.

"Tutaona," akasema, akakata.

Mke wangu alikaa kwenye ngazi akiangalia lile gari jeupe lisilo na bampa. Hakulia, si mtu wa kulia. Alisema tu, "Siku saba nakuwa mtu wa ofisi, mtu wa jiko, mtu wa kikao cha shule. Kile kizunguko kimoja ndicho changu." Basi mimi nikavua shati.

*

Mimi ni fundi wa vigae. Nimetandika sakafu nyingi Kibaha kiasi kwamba zikiunganishwa unaweza kutembea peku mpaka Morogoro bila kukanyaga udongo. Shule ya mchana sikuimaliza. Nilimaliza ya jioni, ukubwani, nikiingia darasani na vumbi la saruji kwenye nyusi. Siku ya kwanza darasa zima lilisimama likaniamkia shikamoo likidhani mimi ni mkaguzi. Nilipata cheti changu cha kidato cha nne, na katika yote niliyosoma kitu kimoja kilinikaa rohoni bila kazi: tanjenti. Nilijua tanjenti ya kila pembe na sikuwa na mahali pa kuipeleka. Ilikuwa kama kununua suti usialikwe harusi.

Sasa harusi ikaja yenyewe uani.

Tulikuwa tumelipeleka gari kwenye mashine ya kunyoosha tairi. Kijana akabonyeza, skrini ikawa kijani kila mahali, akasema, "Mama, liko sawa kama lilivyotoka kiwandani." Mke wangu akamjibu, "Sawa ya kwendea sokoni." Na alikuwa na haki. Magari yanapimwa yaende mbele, tairi zimesimama wima, mpira uishe taratibu pande zote. Lakini ukikata kona kwa kasi, bodi lote linalala upande wa nje, linaisukuma tairi nayo ilale, na ile iliyokuwa wima inaishia kukanyaga kwa ukingo. Dawa yake ni kuilaza tairi mapema kwa upande wa pili: juu iingie ndani, chini itoke nje, kama golikipa aliyepanua miguu akingoja penalti. Mafundi wanaita kemba. Gari likilala kwenye kona, tairi ndiyo kwanza inasimama sawasawa na kubana lami kwa upana wake wote.

Nilipoelewa hilo niliruka juu nikakaribia kukutana na kunguru. "Mama! Ni bafu!"

"Bafu gani tena?"

"Sakafu ya bafu! Ukiiweka levo kama ya sebule, inapendeza macho, na maji yanasimama yanakudhihaki. Lazima uilaze kidogo kuelekea shimoni. Kosa unalifanya kwa makusudi, kwa kipimo, ili likija la kuja likukute umeshajiandaa!"

"Kwa hiyo gari langu ni bafu."

"Ni bafu la ikulu."

Kazi yenyewe tuliifanya Ijumaa mchana, jua likiwaka kama limelipwa. Kwanza uwanja. Nilichukua mpira wangu wa maji, ule mrefu unaoonekana ndani ambao mafundi ujenzi tunautumia kupima levo, nikaupitisha tairi moja hadi nyingine. Pale maji yaliponiambia pamezama, nikaingiza kipande cha kigae chini ya tairi, mpaka zote nne zikakaa usawa mmoja. Tairi za mbele nilizipa heshima zaidi: chini ya kila moja vigae viwili vinene vya sakafu, uso kwa uso, katikati grisi, ili gurudumu liweze kuteleza na kugeuka bila kung'ang'ania ardhi. Kimoja kilipasuka kwa mlio uliomtoa jirani yetu nje na mwiko mkononi.

"Baba," akaita juu ya michongoma, "mnalitengeneza gari au mnalijengea msingi?"

"Tunapandisha ghorofa, mama! Karibu chumba cha juu."

Kisha uzito. Gari linapimwa na dereva akiwa ndani, kwa sababu likikaa mtu linazama na vipimo vinasogea. Mke wangu alikuwa ndani ya nyumba akipika, nami nikaona nisimsumbue. Nikabeba mfuko mmoja wa saruji nikauketisha kwenye kiti chake, nikaufunga mkanda. Nikasimama nikatafakari. Nikaenda kuleta nusu mfuko.

Sauti ikatoka dirishani. "Hiyo nusu ni ya nini?"

"Ya... ya chombezo tu, mama."

"Toa saruji yako. Nakuja kukaa mwenyewe."

Alikaa huko nusu saa nzima na uso wa hakimu, mikono kwenye usukani. Nami nikalala chini. Nikafunga kamba mbili ndefu, moja kila ubavu wa gari, zikiwa sambamba kama reli za Soga, ili nijue tairi zinatazama wapi. Nikaning'iniza timazi, lile jiwe la chuma kwenye uzi linaloonyesha wima, karibu na rimu. Nikapima nafasi kati ya uzi na rimu kwa juu, nikapima kwa chini, nikatoa. Tanjenti ya digrii mbili mara kipenyo cha rimu: milimita kumi na tatu. Nilizitamka kwa sauti. Nilizitamka tena. Kama yule mwalimu wa upara angekuwepo, ningembeba mgongoni tukazunguka Kibaha nzima.

Nikalegeza zile boliti mbili zinazoshikanisha shokapu na gurudumu, nikasukuma juu ya tairi iingie ndani. Na hapo, msomaji wangu, mkono wangu wa kulia ukagoma. Mkono huu umeishi kwa kunyoosha. Ukiona kitu kimelala, unakisimamisha kabla mimi sijapewa taarifa. Nilisukuma, nikakaza, nikapima: tairi wima kabisa, safi, sawa na ukuta wa benki. Nikalegeza, nikasukuma, nikakaza: wima. Mara ya tatu mke wangu akachungulia dirishani.

"Wewe, unailaza au unaibembeleza?"

"Mkono unakataa!"

"Uambie hilo ni bafu."

Nikauambia. Ukakubali. Milimita kumi na tatu kulia, kumi na tatu kushoto, kisha nikazungusha vyuma vya usukani mpaka pua za tairi zikafunguka nje kidogo, kiasi cha unene wa sarafu, ili gari liwe na hamu ya kugeuka. Tukatoka kujaribu kwenye mtaa wetu. Nawaambieni ukweli mtupu: lilikata kona kabla sijamaliza kutamka neno kata. Mke wangu akapiga kigelegele akiwa ndani na vioo vimefungwa, masikio yangu yakapata kazi ya kusimulia wiki nzima.

*

Jumamosi asubuhi tukashika barabara ya Kiluvya kwenda Kisarawe, polepole, kana kwamba tumebeba mayai. Tulitakiwa kumpitia baba mkwe. Tulimkuta nje, amevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka inakata, ufunguo wa akiba umetokeza mfuko wa kifuani. Ni mtu mkubwa. Sisemi mnene, nasema akisimama mlangoni, ndani wanawasha taa.

"Shikamoo baba," tukasema pamoja.

"Marahaba." Akalizunguka gari. Akasimama mbele, akainama. "Tairi zimepinda."

"Tumezilaza baba," nikasema. "Kwa makusudi."

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba wali umemwagwa kwa makusudi. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mafenesi mawili makubwa kama ngoma, kila kwapa moja, akayaweka kwenye buti. Akarudi tena na gunia la mihogo. Halafu machungwa. Halafu mkungu wa ndizi. Yote akayafunga kwa kamba yake mwenyewe, fundo juu ya fundo, maana alikuwa dereva wa zamani, na mzigo wake haulegei hata lori likisimama kwa kichwa.

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama buti. Gari lilikuwa limeketi kama kuku anayelalia, pua imeelekea mbinguni, na milimita zangu kumi na tatu zimekwenda wapi sijui. Lakini utasema nini? Baba mkwe anakufungia mihogo kwa mikono yake, siku ambayo huenda akakunyang'anya gari, na wewe umwambie, "Samahani baba, zawadi yako inaharibu kemba"? Mimi ni jasiri, nimewahi kutandika vigae nyumba yenye chatu. Hilo sikuliweza.

"Ahsante sana baba," nikasema. "Umetukirimu."

Uwanjani kulikuwa na magari kama kumi na vijana wengi, muziki, na moshi wa mishikaki. Mkaguzi, kijana mpole mwenye kizibao cha njano, akakagua breki, mkanda, helmeti. Akafungua buti. Akasimama muda mrefu.

"Mama, hili ni gari la mbio au la gulio?"

"La baba," mke wangu akamnong'oneza.

"Lazima buti liwe tupu."

Baba mkwe akasogea. Kivuli chake kikamfunika kijana wa watu. "Mzigo wangu una kasoro gani?"

"Hauna kasoro mzee wangu, shikamoo. Ila ukichomoka kwenye kona unaweza kumpiga dereva."

"Nikifunga mimi hauchomoki."

"Naamini mzee. Lakini ndiyo utaratibu. Kinachoruhusiwa ndani ni watu tu, wenye helmeti na mkanda."

Baba mkwe alifikiri. Nikaona taya lake likitembea. Kisha akaanza kufungua mafundo yake, moja baada ya jingine, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza akaikung'uta kaunda yake kwa viganja.

"Sawa," akasema. "Mafenesi yanashuka. Mimi napanda mahali pake."

"Baba!"

"Kutoka pembeni nitaona nini? Vumbi. Nitaamua nikiwa ndani. Nipeni hiyo kofia."

Mke wangu akanivuta nyuma ya gari. Macho yalikuwa yamemtoka. "Umepima nikiwa peke yangu."

"Najua."

"Baba ni mifuko mingapi?"

"Huyo hapimwi kwa mifuko, mama. Huyo ni trela."

"Fundi, sitanii. Upande wa kushoto utazama, kulia kutanyanyuka, na kwenye Kichuguu ninayoitegemea ni tairi ya kulia. Fanya kitu."

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka, na sisemi kwa hofu, nasema kwa furaha. Nilikuwa na timazi yangu. Nilikuwa na kamba. Mpira wa maji ulikuwa chini ya kiti. Pembeni palikuwa na sakafu ya zege ambapo malori yalikuwa yakioshewa. Na kichwani nilikuwa na tanjenti zote za dunia! Nikamwendea baba mkwe, nikakunja mikono kwa adabu.

"Baba, naomba ukae ndani ya gari nikupime."

"Mimi nipimwe?"

"Si wewe baba. Gari. Lakini wewe ukiwa ndani."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni na kurudi. Kisha, sijui kwa nini, labda ni ile timazi mkononi, akaingia, akafunga mkanda, akavaa helmeti, akatazama mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mke wangu akaingia kulia. Wakakaa hivyo, baba na binti, vichwa viwili vikubwa vya plastiki, na mimi chini nikitambaa na maji ya kunywa nimeyamimina kwenye mpira. Vijana wakaacha mishikaki wakaja kuzunguka.

"Oya, fundi anapiga lipu gari!"

"Kaka, msingi una nondo ngapi?"

"Nyamazeni," nikasema, "maji yanatulia."

Nilining'iniza timazi kulia. Ilikuwa kweli: zile kumi na tatu zilikuwa zimebaki kumi. Kushoto zilikuwa kumi na sita. Nikalegeza boliti. Na kwa kuwa vioo vilikuwa wazi na sikio langu liko usawa wa mlango, nikasikia ambayo hayakuwa yangu.

"Kwani unakimbilia nini?" baba mkwe akauliza, akitazama mbele.

Mke wangu akaupapasa usukani. "Unakumbuka ulipokuwa unanifuata shule, baba? Nilikuwa nakaa hapo ulipokaa wewe."

"Nakumbuka."

"Ulikuwa unakwenda polepole mno. Mimi kila kona nilikuwa nimeshaikata kwa macho kabla wewe hujafika. Nyumbani naingia nimechoka kwa kuendesha, na wewe ndiye uliyekuwa umeshika usukani."

"Lilikuwa gari la serikali."

"Najua baba."

"Nilikuwa na mkubwa nyuma, na chai."

"Najua."

"Kuna siku moja," akasema baba mkwe, sauti imeshuka, "nilikuwa peke yangu. Barabara ya Mzenga, haina mtu. Nililikanyaga."

"Ikawaje?"

"Niliogopa kuacha."

Mke wangu akaangua kicheko, na baba mkwe naye akatikisika, na uzi wangu ukaanza kucheza rumba.

"Msitikisike!" nikafoka. "Baba, tafadhali! Nimebakiza milimita moja!"

Nilimfokea baba mkwe. Mbele za watu. Vijana wote wakashika vinywa. Yeye akaganda kama nguzo ya umeme, akasema tu, "Samahani fundi." Nikakaza boliti kabla sijazimia. Kumi na tatu kulia, kumi na tatu kushoto. Pua za tairi nikazirudisha pale pale kwenye unene wa sarafu. Mkono wangu haukugoma hata mara moja.

Namba yetu ikaitwa.

*

Nilisimama nje ya Kona ya Kichuguu, upande salama, nyuma ya vizuizi, nikiwa nimekumbatia fenesi moja, maana hakuna aliyekubali kunishikia. Nilisikia injini kabla ya kuiona. Halafu gari likatokea, jeupe, dogo, bila bampa, linakuja kwa kasi ambayo naapa ilikunja nyasi za Kisarawe mpaka Pugu. Akapiga breki. Akakata kushoto.

Bodi likalala. Lililala mpaka nikaona uvungu. Mwezi uliopita hapo ndipo pua ilipokataa. Nikalibana lile fenesi, nikaitazama tairi ya kulia, tairi yangu, ile niliyoilaza kwa mkono uliokuwa hautaki. Nikaiona ikisimama. Kadiri gari lilivyolala, yenyewe ilisimama, ikakanyaga lami kwa upana wote, ikatoa mlio mmoja wa chini, wa kubana, si ule wa kupiga kelele. Kona ikajikunja zaidi, pale pa ujanja, na gari likajikunja nayo. Kichuguu kikapita pembeni kimesimama, mchwa wake wote salama, na kati yake na gari pangeweza kupita lori la mchanga.

Nilipiga ukelele hata nadhani samaki wa mto Ruvu walizama chini. Fenesi likaanguka. Likapasuka. Harufu ikajaa kona nzima.

Nilikimbia mpaka mwisho wa mzunguko. Gari lilikuwa limesimama, moshi kidogo kwenye breki. Mke wangu amevua helmeti, uso umelowa jasho, hathubutu kugeuka kushoto. Baba mkwe hajashuka. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeng'ang'ania kishikio cha juu ya mlango.

Tukangoja. Mishikaki ikaungua bila mtu wa kuigeuza.

"Ile kona," akasema.

"Naam baba."

"Umeiingia mapema mno. Ingoje kidogo, halafu ndiyo ukate." Akajirekebisha kwenye kiti. "Rudia."

"Baba?"

"Rudia, nimesema. Fundi, funga mlango."

Walirudia. Walirudia tena, mpaka mkaguzi mpole akaja kuwaomba wawaachie na wengine. Baba mkwe alishuka akitembea kama kijana aliyetoka disko, kola ya kaunda imesimama upande mmoja. Akatoa simu, akapiga, tukasikia kila neno. "Ndugu yangu, samahani sana. Lile gari limepata shughuli. Hapana, haliuzwi. Hapana, hata ukiongeza."

Mke wangu akaweka mikono usoni. Nami nikashika ile timazi nikaibusu, chuma chenyewe kimejaa grisi.

Kisha tukapakia upya: mihogo, machungwa, ndizi, na fenesi lililosalia. Baba mkwe alifunga mafundo yake yote kama mwanzo. Gari likaketi tena kama kuku anayelalia, na safari hii sikujali hata chembe. Mke wangu akanyoosha kiganja kwa adabu, akiangalia mfuko wa kifua wa baba yake.

"Na huo ufunguo wa akiba, baba?"

Akaufunika kwa mkono. "Huu unabaki kwangu."

"Si umesema haliuzwi?"

"Haliuzwi. Ila mwezi ujao nakaa kiti cha kulia mimi. Wewe utakaa kushoto, utakata kona kwa macho kama zamani." Akanigeukia. "Na wewe utatupima upya, tukiwa tumebadilishana. Sitatikisika."

Nikaanza kupiga hesabu hapo hapo, kidole hewani. Baba kulia, basi upande wa kulia utashuka; kwa hiyo kushoto, ili nijue nitalegeza kiasi gani...

"Mama," nikasema taratibu, "sasa hapa nitahitaji uzito wako kamili."

Alikuwa ameshawasha gari. Akachungulia dirishani, mweusi kwa vumbi la breki, anang'aa kuliko bibi harusi.

"Mfuko mmoja," akasema. "Na usiongeze hata kijiko."